Printa inachapa lakini haitambuliki: uchambuzi wa kisa cha poti sambamba kwenye mzani wa alizeti, Dodoma

Kisa hiki kilitokea katika kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti upande wa Kizota, mjini Dodoma, mahali ambapo wakulima na wachuuzi kutoka Bahi, Chamwino na Kongwa huleta mbegu zao kwa malori na kuzipima kwenye mzani wa magari kabla ya kulipwa. Upimaji unaendeshwa na programu ya zamani ya DOS, mfumo wa amri za maandishi uliotangulia Windows, iliyomo katika kompyuta yenye Windows 98, na stakabadhi hutolewa na printa ya sindano, ile inayogonga utepe wa wino kwa kelele, kwenye karatasi za nakala tatu. Katika mvua za mwisho za mwezi wa nne radi ilipiga karibu na nguzo ya umeme, pawa saplai ya kompyuta ikaungua na bodi kuu ikafuata. Diski ngumu ilipona. Kiwanda kilinunua kompyuta nyingine ya mtumba yenye poti ya printa, diski ikahamishiwa humo, na tangu siku hiyo programu ya mzani ikakataa kufunguka, ikiandika kwenye kioo kwamba ufunguo wa programu haukupatikana.

Nilipoitwa, mafundi wawili walikuwa wameshapita na kila mmoja ameacha hukumu yake. Wa kwanza alikuja na kompyuta mpakato na waya wa kugeuza USB kuwa poti ya printa, akachapa ukurasa mmoja bila tatizo, akasema printa ni nzima na kwamba poti ya kompyuta iliyonunuliwa imekufa. Wa pili alibadilisha waya wa printa uliokuwa umechakaa, akaiacha Windows itafute vifaa vipya, haikupata kitu, naye akasema poti ni nzima ila printa imeungua kwa radi ileile, kwa hiyo inunuliwe nyingine. Hukumu hizo mbili haziwezi kuwa za kweli kwa pamoja, lakini vipimo vilivyozaa kila moja vilikuwa vya kweli, na hilo ndilo lililonifanya niandike kisa hiki kwa urefu. Kila fundi alipata jibu sahihi la swali moja, kisha akalitumia kujibu swali jingine.

Kwenye poti sambamba, ambayo mafundi wengi tunaiita tu poti ya printa, kugundua kifaa si swali moja. Kuna swali la poti yenyewe ipo wapi, kuna swali la kama upande wa pili wa waya kuna kitu chochote, na kuna swali la kitu hicho ni nani. Kwenye USB maswali haya yameunganishwa, kwa kuwa kifaa hujieleza mara tu kinapochomekwa, na fundi aliyekua na USB hana sababu ya kuyatenganisha. Poti sambamba ilikuja na IBM PC mwaka 1981 kwa kazi ya kusukuma herufi kwenda kwenye printa, na katika mpangilio wake wa awali hapakuwa na njia ya kuiuliza printa jina lake. Njia rasmi ya kuuliza iliwekwa na kiwango cha IEEE 1284 mwaka 1994, miaka kumi na mitatu baadaye, na vifaa vilivyotengenezwa kabla ya hapo, au nje ya kiwango hicho, havijibu hata leo.

Karani wa mzani, mzee wa Kigogo aliyenipokea kwa Mbukwenyi kabla sijamaliza kumpa shikamoo yake, alinionesha jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alifungua droo ya stakabadhi akatoa kitu chenye ukubwa wa kiberiti, cha rangi ya maziwa iliyogeuka manjano, chenye pini 25 upande mmoja na matundu 25 upande wa pili, na karatasi ya jina iliyofutika kabisa kwa vumbi na jasho la mikono.

“Mwanangu, hiki nacho kilikuwa kule nyuma,” alisema. “Fundi alikitoa, akasema ni adapta tu, haina kazi, printa inachapa bila hiyo.”

Ni kweli kwamba printa ilichapa bila hicho kitu. Lakini kitu hicho kilikuwa na kila dalili ya ufunguo wa programu, yaani kifaa kinachokaa kati ya poti na waya wa printa, kinachopitisha kila kitu moja kwa moja kana kwamba hakipo, na kinachoamka tu pale programu yake inapokipelekea mfululizo maalumu wa ishara. Niliizima kompyuta, nikakichomeka mahali pake, nikafunga skrubu zake mbili, nikawasha. Ujumbe ulikuwa uleule, ufunguo haukupatikana. Kama ungefunguka hapo, kisa kingeishia kwenye droo ya mzee na pasingekuwa na cha kuchambua.

Nilianza na swali la kwanza, la poti ipo wapi. Kompyuta inapowaka, BIOS, programu ya ndani inayoiamsha mashine, hukagua anwani tatu kwa mpangilio uliozoeleka, yaani 3BCh, 378h na 278h (h ni alama ya namba za msingi wa 16, ambazo huendelea na herufi A hadi F baada ya 9), na kila inayojibu huandikwa katika kumbukumbu kuanzia mahali panapoitwa 0040:0008. Ya kwanza kupatikana hupewa jina la LPT1, ya pili LPT2, na kadhalika. Hapa pana mtego ambao nimeuona ukipoteza siku nzima za watu, kwamba LPT1 ni jina la nafasi katika foleni, wala si jina la mahali. Poti iliyopo 278h, ikiwa peke yake, itaitwa LPT1 sawasawa na iliyopo 378h, na Windows itachapa kupitia hiyo bila kulalamika kwa sababu draiva yake, yaani programu inayoiendesha poti, inajua anwani halisi. Programu ya zamani inayoruka mfumo mzima na kuandika moja kwa moja kwenye anwani iliyokaririshwa haina habari na foleni hiyo.

Niliiwasha kompyuta katika DOS tupu, bila kuingia Windows, kwa kuwa Windows huweza kusimama kati ya swali na poti na kutoa jibu lake yenyewe. Nikafungua DEBUG, ambayo huja na mfumo huo, nikaandika d 40:8. Baiti mbili za mwanzo zilisomeka 78 02, na nne zilizofuata, ambazo ni za LPT2 na LPT3, zote zilikuwa 00. Kwa kuwa prosesa za aina hii huhifadhi namba kwa kutanguliza baiti ndogo, 78 02 husomwa kinyumenyume kuwa 0278h. Ilikuwepo poti moja tu, na haikuwa mahali ambapo kila mtu alidhani ipo.

Sikuridhika na kauli ya BIOS peke yake. Niliandika o 278 aa, kisha i 278, na jibu likawa AA. Nikarudia kwa 55, likarudi 55, kwa sababu namba moja inayorudi yaweza kuwa bahati, lakini namba mbili zenye biti zilizopishana kabisa haziwezi. Nikafanya vivyo hivyo kwa 378 na mara zote mbili nikapata FF, ambalo ndilo jibu la anwani isiyo na mwenyewe, pale nyaya zinapobaki juu kwa kuwa hakuna chipu inayozishusha. Jaribio hili halina madhara kwa printa, kwani printa husoma nyaya nane za data pale tu pini ya 1, ya kugonga, inaposhushwa, na DEBUG haikuigusa. Kisha nikafungua faili la mpangilio la programu ya mzani kwa amri ya type, na humo, katikati ya mistari ya viwango vya mzani na jina la kiwanda, palikuwa na mstari unaotaja 378 kama mahali pa kuutafuta ufunguo.

Kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa limejibiwa. Kabla ya kubadilisha chochote niliamua kujibu na la pili palepale, maana ukishabadilisha mambo mawili kwa pamoja hutajua lipi lililoponya.

Poti ya kawaida ina rejista tatu zinazofuatana, yaani vihifadhi vidogo vya baiti moja moja ndani ya chipu yake: ya data kwenye anwani ya msingi, ya hali kwenye anwani inayofuata, na ya udhibiti baada ya hiyo. Rejista ya hali ndiyo sikio la kompyuta. Hupokea nyaya tano kutoka kwa kifaa, ambazo ni pini ya 11 inayosema kifaa kina shughuli, ya 10 inayokiri kupokea herufi, ya 12 inayosema karatasi imekwisha, ya 13 inayosema kifaa kimechaguliwa na kipo tayari, na ya 15 inayoripoti hitilafu kwa kushuka chini. Biti ya pini ya 11 hugeuzwa ndani ya poti, hivyo waya ukiwa juu biti husomeka sifuri. Niliandika i 279 printa ikiwa imewashwa na ina karatasi, nikapata DF. Nikaizima printa bila kugusa waya, nikapata 87. Nikazima kila kitu, nikachomoa waya, nikawasha kompyuta peke yake, nikapata 7F.

Namba hizo tatu zinastahili kusomwa taratibu, kwa sababu zina habari nyingi kuliko zinavyoonekana. Katika 7F nyaya zote tano zipo juu kwa kuvutwa na vikinzani vya poti yenyewe, na biti ya shughuli imegeuka kuwa sifuri, yaani poti tupu huonekana kama printa iliyo na shughuli isiyokwisha na isiyo na karatasi. Ndiyo maana programu za DOS zikichapa kwenye poti tupu hulalamikia karatasi. Katika DF printa haina shughuli, inayo karatasi, imechaguliwa, haina hitilafu. Katika 87 nyaya zote tano zimeshuka, kwa kuwa saketi ya printa isiyo na umeme inazivuta chini. Biti tatu za mwisho hutofautiana kati ya chipu na chipu, na kwingine utaona D8 mahali pa DF au 78 mahali pa 7F, lakini tofauti kati ya kutokuwepo, kuwepo bila umeme na kuwepo tayari huonekana wazi. Ile 87 niliiandika katika daftari na kuipita haraka siku hiyo. Ilistahili muda zaidi, kama nitakavyoeleza.

Usomaji huu ulitosha kuziondoa hukumu zote mbili. Poti haikuwa imekufa, kwani ilihifadhi AA na 55 na kusikia nyaya zikipanda na kushuka. Printa haikuwa imeungua, kwani ilijieleza kwa nyaya tano kama inavyopaswa. Na kitu cha rangi ya maziwa, nilipokiweka na kukitoa, hakikubadilisha hata biti moja: DF na DF. Hilo lilinipa uhakika zaidi kwamba ni ufunguo, kwa sababu ukimya kamili ndiyo tabia yake, lakini pia lilionesha kwa nini fundi aliyetangulia aliuona ni adapta isiyo na kazi. Kwa kipimo cha rejista ya hali, alikuwa sahihi.

Kuhusu ule waya wa USB, nieleze kwa kifupi, kwa kuwa unaendelea kuwapotosha wengi wanaobadilisha kompyuta za zamani. Waya huo hauongezi poti sambamba katika kompyuta. Hauna anwani 378h wala 278h, hauna rejista za kusomwa na DEBUG. Unachofanya ni kujitambulisha kwa mfumo kama printa ya USB na kupeleka herufi upande wa pili. Unafaa kwa kuchapa tu. Ufunguo wa programu, kifaa cha kuandikia chipu za kumbukumbu, au saketi yoyote ya kujitengenezea iliyotegemea kupandisha na kushusha pini mojamoja, haitaonekana kupitia humo. Kadi za kuchomeka ndani, za PCI na PCI Express, zina rejista halisi, lakini mfumo huzipa anwani nyingine kabisa kadiri nafasi inavyopatikana, na programu iliyokariri 378h itapita bila kuziona. Fundi wa kwanza alipochapa kwa kompyuta yake mpakato alithibitisha kwamba printa inachapa. Hakuwa amepima poti ya kompyuta ya kiwanda kwa namna yoyote.

Niliingia kwenye mpangilio wa BIOS, nikahamisha poti kutoka 278h kwenda 378h na mkatizo namba 7 (ishara ambayo poti huitumia kuiita prosesa), nikaacha hali ya kawaida ya pande mbili. DEBUG sasa ikaonesha 78 03. Programu ya mzani ilifunguka mara ya kwanza, na mzee alipima lori lililokuwa likisubiri getini tangu asubuhi.

Lilibaki swali la tatu, na halikuwa la kifundi pekee, kwa sababu meneja, mama mmoja mwenye hesabu kali, alikuwa tayari ametenga fedha za printa mpya kwa ushauri wa fundi wa pili. “Kaka, mimi niambie tu, ninunue au nisinunue?” aliniuliza. Printa ilikuwa inachapa, lakini Windows ilikuwa bado haiitambui, na yeye hakuwa tayari kuingia msimu wa ununuzi wa alizeti, unaoanza kushika kasi mwezi wa tano, akiwa na mashine yenye doa. Niliona ni haki yake kupata jibu lenye ushahidi.

Katika IEEE 1284, kompyuta inapotaka kujua jina la kifaa huanza kwa mazungumzo mafupi. Huweka kwenye nyaya za data baiti inayotaja ombi lake, na kwa kuuliza utambulisho kwa njia ya nibo, yaani biti nne kwa wakati, baiti hiyo ni 04h. Kisha hupandisha pini ya 17 na kushusha pini ya 14, mpangilio ambao hautokei katika uchapaji wa kawaida, na kifaa kinachokijua kiwango hujibu kwa kushusha pini ya 10 na kupandisha pini za 12, 13 na 15. Kisicho na habari na kiwango hubaki kimya, na kompyuta hurudi katika hali ya kawaida bila kuharibu kitu. Baada ya makubaliano hayo kifaa hutuma maandishi yake kupitia nyaya za hali, nne zikibeba biti na moja ikihesabu hatua. Ndiyo maana hata poti ya mwaka 1981, isiyoweza kupokea chochote kwenye nyaya za data, inaweza kuuliza jina. Maandishi hayo huanza na baiti mbili za urefu, kisha hufuata vipande kama MFG: kwa mtengenezaji, MDL: kwa modeli, CMD: kwa lugha za uchapaji na CLS: kwa aina ya kifaa, kila kimoja kikifungwa kwa nuktamkato. Baiti za urefu zinapaswa kutanguliza kubwa na kujihesabu zenyewe, lakini vipo vifaa vinavyozigeuza au vinavyosahau kujihesabu, na programu nzuri ya kusoma huvivumilia.

Niliiwasha kompyuta kwa CD ya Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, kwa kuwa Linux hueleza inachofanya hatua kwa hatua. Baada ya kupakia moduli ya parport_pc, ambayo ndiyo draiva yake ya poti sambamba, ujumbe wa mfumo ulitaja poti ya 0x378 na uwezo wake, lakini faili la /proc/sys/dev/parport/parport0/autoprobe, ambamo utambulisho wa kifaa huandikwa, halikuwa na jina lolote. Matokeo yalikuwa sawa na ya Windows. Hapo ningeweza kuandika kwamba printa ni ya zamani mno na haikijui kiwango, na nisingelaumiwa na mtu.

Kilichonizuia ni wembamba wa waya. Waya alioleta fundi wa pili ulikuwa mwembamba kuliko kidole changu cha mwisho, na nyaya za kufuata kiwango hazina wembamba huo, kwa sababu kila laini ya ishara husokotwa na ardhi yake na zote huvishwa kinga. Nilichukua mita nikapima mwendelezo, pini kwa pini, kutoka upande wa kompyuta wenye pini 25 hadi upande wa printa wenye nafasi 36. Pini ya 1 ilifika, 2 hadi 9 zilifika, 10 hadi 13 zilifika, ya 14 ilifika. Pini ya 15, inayopaswa kutokea nafasi ya 32, ilifika. Ya 16, inayopaswa kutokea nafasi ya 31, ilifika. Ya 17, inayopaswa kutokea nafasi ya 36, haikufika popote. Mtengenezaji aliokoa waya mmoja ambao printa nyingi hazihitaji ili kuchapa, na waya huo ndio unaofungua mazungumzo ya utambulisho. Printa haikuwa na njia ya kujua kwamba imeulizwa.

Nilimuomba mzee anisaidie kuutafuta waya wa zamani. Tuliupata ghalani umefungia mdomo wa gunia la mashudu, ngozi yake imebanduka karibu na kichwa lakini maandishi ya IEEE Std 1284-1994 bado yanasomeka juu yake. Niliusafisha pini kwa brashi na spiriti, maana vumbi la Dodoma huingia kila tundu, nikaupima, nyaya zote zikafika. Linux ilipowashwa tena, faili la autoprobe lilikuwa na mistari mitano: aina ya kifaa PRINTER, modeli, mtengenezaji, maelezo na lugha za uchapaji. Nilimuita mama meneja aisome mwenyewe kwenye kioo na kuilinganisha na kibati kilicho nyuma ya printa. Hakununua.

Jumatatu iliyofuata saa moja na nusu asubuhi nilipigiwa simu kwamba ufunguo umepotea tena.

Nilipofika programu ilikuwa imefunguka yenyewe na hakuna aliyejua kwa nini. Tatizo linalokuja na kuondoka ni baya kuliko lililotulia, na kama si mzee ningetumia siku nzima kubadilisha vitu. Aliniambia kwa utulivu kwamba kijana mpya wa zamu ya asubuhi huwasha kompyuta peke yake na kuiacha printa mpaka lori la kwanza lipande mzani. “Sisi siku zote tulikuwa tunawasha printa kwanza, ndipo kompyuta. Aliyeifunga hii mashine alituambia hivyo, hakutuambia sababu.”

Hapo nikarudi kwenye ile 87 ya daftarini. Poti sambamba haina pini ya umeme. Ufunguo hula nguvu kidogo inayotoka kwenye nyaya za data na za udhibiti zinapokuwa juu. Printa iliyochomekwa bila kuwashwa huzivuta nyaya hizo chini kupitia saketi zake zisizo na umeme, kama ilivyozivuta zile tano za hali, na ufunguo ulio katikati hubaki na njaa. Niliweka mita kati ya pini ya 2 na ardhi, ufunguo ukiwa mahali pake na DEBUG ikiwa imeandika FF kwenye rejista ya data. Printa ikiwa imewashwa nilisoma volti 4.5. Nilipoizima, sindano ya mita ilishuka hadi chini kidogo ya 2, mahali ambapo chipu za aina hii hazina tena wajibu wa kuitambua ishara kuwa ipo juu. Nikachomoa waya wa printa nyuma ya ufunguo, baada ya kuzima kompyuta, na ufunguo ukapatikana bila shida. Nikarudisha printa ikiwa imezimwa, haukupatikana. Nilirudia mara nne, na mara nne matokeo hayakubadilika.

Lipo jambo moja nililokataa. Fundi mmoja alikuwa ameahidi kuivunja programu ili isiuulize ufunguo kamwe. Ufunguo ule ndiyo leseni ya kiwanda, umelipiwa, na programu inayotoa namba za fedha za wakulima ikishachezewa na mtu asiyejulikana, hakuna atakayeweza kuapa kwamba kilo inayoandikwa ni kilo iliyopimwa. Nilimshauri meneja awaandikie waliotengeneza programu kuomba toleo linalotumia ufunguo wa USB, na wakati akisubiri, utaratibu wa mzee urudi.

Nilikibandika kitu cha rangi ya maziwa karatasi mpya inayosema ni ufunguo wa programu ya mzani na kwamba kisitolewe. Waya mwembamba niliukata kichwa ili usirudi kazini kwa bahati mbaya. Kompyuta na printa tuliziunganisha kwenye soketi moja yenye swichi moja nyuma ya stabilaiza, hivyo printa haiwezi tena kuachwa nyuma. Kwa kuwa zinawaka kwa pamoja na kompyuta huchukua muda kufika kwenye programu, printa huwa imeshasimama tayari kabla ufunguo haujaulizwa. Ndani ya mlango wa kabati la mashine niliandika kwa kalamu ya wino mzito anwani 378h, mkatizo 7, na namba tatu za rejista ya hali pamoja na maana zake: 7F hakuna kitu, 87 printa imezimwa, DF printa ipo tayari. Chini yake mzee ameongeza kwa mwandiko wake tarehe ya siku waya ulipopatikana ghalani.